Benchi la Wazee na Hesabu ya Bwawa

Vijana wa idara, mmeniandikia barua ya adabu sana mkiomba "muhtasari wa utafiti wa Profesa katika mbinu za kukadiria milinganyo tofautishi, pamoja na orodha ya machapisho." Orodha iko kwenye kabati la chuma, droo ya pili, ile inayokwama. Ipigeni teke upande wa kushoto, itafunguka. Vyeo mtavikuta kwenye faili langu, na mshahara sitautaja, sitaki mtu acheke. Nimestaafu mwezi uliopita, nina kiti kizuri na miwani mipya, kwa hiyo nitaandika ninachotaka na kuishia ninapotaka.

Mke wangu ameniambia nieleze kwanza kazi yenyewe, maana miaka yote hii majirani wakimuuliza mumewe anafanya nini hujibu, "Anaandika namba, halafu anazifuta." Hajakosea. Mlinganyo tofautishi ni hesabu inayokueleza kitu kinabadilika kwa kasi gani, bila kukwambia kitafika wapi. Chai inapoa, maji yanapenya udongo, ugonjwa unaenea. Mara nyingi hakuna jibu la kuandika kwa mstari mmoja ukapiga mstari chini yake kwa majivuno. Basi unakwenda kwa hatua, moja baada ya nyingine, ukikosea kidogo kila mara, na ufundi wote ni kuhakikisha hayo makosa madogo hayaungani yakawa genge.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwishoni mwa 1996 kutoka Uvira, Kongo, na mke, watoto wawili, na kitabu kimoja cha hesabu cha Kifaransa kilicholowa mvua mpaka kurasa zikashikana. Nilipewa kiwanja, jembe na turubai. Nilipanda mahindi kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote kambini. Hayakuota. Majirani walikuja kuyatazama, yaani kutazama mistari, wakanishauri kwa upole niendelee na ualimu. Nikafundisha watoto wa wenzangu chini ya turubai, mchana kwa chaki, na chaki ikiisha kwa mkaa.

Siku moja lori la maharage likanibeba hadi Mbarara na barua ya mchungaji mkononi. Kwenye chuo kikuu cha pale nikaelekezwa kwa Daktari Kenyangi, mkuu wa idara ya hesabu. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kinyankore, mwenyeji wa huko, mwenye sauti ya kuamrisha, na nikajua baadaye kwamba alilelewa katika kambi ya jeshi ya Makenke, babake akiwa sajini. Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia tu, na Kifaransa changu yeye hakukihitaji. Tukabaki na Kiswahili: changu cha Kivu, chake cha gwaride. Kwa miaka kumi na nane tulijadili hesabu za juu kwa lugha ambayo mtu mwingine angedhani tunagombania zamu ya lindo.

Siku ya kwanza alinipa karatasi, kalkuleta ya jua, na kikombe cha chai ya moto. "Hesabu hii chai itapoa namna gani," akasema, akatoka. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mtu wa kupoteza muda, nikachukua hatua za nusu saa nusu saa. Aliporudi, chai yangu ya karatasini ilikuwa imeshuka chini ya barafu katika nusu saa ya kwanza, na katika nusu saa ya pili imepata joto tena yenyewe.

Daktari Kenyangi aliisoma ile karatasi mara mbili, akamwita mama yake kwa Kinyankore. "Mawe! Hii chai gani? Inaganda, alafu inajichemsha? Iko na jini?"

"Hapana, Madamu. Hesabu ni sahihi."

"Hesabu iko sahihi, chai ndiyo iko na makosa?" Akasukuma kikombe mbele yangu. "Weka kidole."

Nikaweka kidole. Ilikuwa vuguvugu, kama chai yoyote ya watu wenye akili.

"Hatua yako iko kubwa sana. Punguza. Na kila siku, kabla ya kuniletea karatasi, weka kidole kwanza."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya kazi, vijana. Mengine niliyoyasoma baadaye, hata yale yenye majina ya Kijerumani, yalikuwa maelezo marefu ya amri hizo mbili. Wengi wenu hamjawahi kuweka kidole popote. Mnaamini kioo cha kompyuta kikisema chai imeganda, mnakwenda kutafuta koti.

Miaka ikaenda. Niliandika programu kwenye kompyuta ya idara, mashine ya rangi ya siagi iliyokuwa na feni ya kunguruma, na tulipiga hesabu za maji ardhini, kwa kuwa nchi hii ya Isingiro, wilaya yenye Nakivale, ina kiu na watu wanapenda kuchimba kabla ya kufikiri. Nyumbani kwangu kulibaki Nakivale. Nilikuwa nashuka Mbarara kila Jumatatu, narudi Ijumaa, na nikiwa kule nilikuwa mzee wa kanisa asiyejua kuimba.

Sasa bwawa. Kampuni moja ilikuwa imejenga ukuta wa udongo kukata bonde, upande wa juu malisho ya wafugaji wa njia ya kwenda Endiinzi, upande wa chini mashamba ya wakimbizi na kaya thelathini na moja. Maji yalipofika nusu, chini ya ukuta, upande wa nyumba, pakaonekana unyevu. Mhandisi wa kampuni akasema ni jasho la udongo. Mkuu wa makazi ya wakimbizi, Mganda mmoja mkali lakini msikivu, hakupenda neno jasho. Akaandikia chuo: tuambieni kabla ya Jumamosi kama bwawa likijaa ukuta utasimama. Kama hamjui, Jumamosi naamuru kaya zote zihame, maana mvua ya Machi inakuja.

Mama Noela alikuwa na nyumba ya kwanza kabisa chini ya ule ukuta, na nusu ekari ya maharage yaliyobakiza wiki chache kuvunwa. Ni mjane wa Fizi, muuza maharage, mwimbaji wa sauti ya kwanza, na ulimi wake haujawahi kuchukua likizo. Alinikamata njiani Jumatatu, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho "njo" ni "ndiyo" na "fasi" ni "mahali".

"Profesa, banasema weye njo utasema tuhame ao tubakie."

"Si mimi, Mama. Ni hesabu."

"Ile hesabu inakaa fasi gani, niende niisalimie?"

Nilicheka, yeye hakucheka. "Nimekimbia mara tatu," akasema. "Ya kwanza nilikuwa na mume. Ya pili nilikuwa na mbuzi. Ya tatu nilikuwa na miguu tu. Sasa niko na maharage."

Nikaenda kupima udongo wa ukuta kwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari na saa ya mkononi, nikatazama maji yanapenya kwa kasi gani. Kifaa kizuri sana. Msikitupe, kiko juu ya lile kabati. Jumanne nikakimbilia Mbarara kuingiza namba kwenye kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika. Ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikanuka kama kiberiti, ikanyamaza, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. Kompyuta nyingine jengoni ilikuwa ya mhasibu, ambaye asingeniazima hata kalamu.

Nikaingia kwa Daktari Kenyangi nikiwa karibu kulia. Nikamweleza: ukuta nimeugawa vipande arobaini na vinane, kila kipande namba yake ya msukumo wa maji, na kila namba ni lazima iwe wastani wa jirani zake wanne, wa mbele, nyuma, kushoto na kulia. Unakisia, unasahihisha, unarudia mpaka namba zitulie. Mtu mmoja kwa mkono hatamaliza kabla ya Jumamosi, na akimaliza atakuwa amekosea.

"Huko kwenu watu iko?"

"Watu wako."

"Arobaini na nane iko?"

"Kanisani wako mia mbili."

"Sasa unalia nini? Panga mstari!"

Jumatano asubuhi nikawapanga kanisani, benchi sita, watu wanane wanane, kila mtu na kibao cha shule na kipande cha chaki. Benchi za mbele zilikuwa upande wa bwawa, za nyuma upande wa nyumba. Wa ukingoni upande wa maji, wachache wa benchi la kwanza, waliandika sentimita mia nne na kuamriwa wasiifute hata malaika akishuka. Wengine kazi yao ilikuwa moja: jumlisha jirani wanne, gawa kwa nne, andika. Niliogopa kugawanya kutawashinda. Ujinga wangu. Watu wanaouza maharage kwa debe, nusu na robo walikuwa wanagawa kwa nne kabla sijafunga mdomo. Aliyechelewa alikuwa mwalimu wa sekondari, aliyetaka kuonyesha njia.

Wenzangu wa fani mtauliza kuhusu uso wa maji ndani ya ukuta, ambao haujulikani mapema. Niliukisia, nikausahihisha mara tatu. Haya, endeleeni kusoma.

Amri yangu kubwa ilikuwa hii: wote mhesabu kwa namba za zamani za jirani, halafu nikipiga makofi, wote mwandike namba mpya kwa mpigo. Nikapiga makofi. Wazee wa benchi la kwanza wakaandika. Benchi la pili wakawatazama wazee, wakafuta walichohesabu, wakahesabu upya, wakaandika. Benchi la tatu likasubiri la pili. Na ndani ya benchi ni hivyo hivyo, aliyeketi wa kwanza ni mkubwa, na mdogo wake hainui kibao mpaka mkubwa ameinua.

"Simameni! Wote pamoja nimesema! Kwa mpigo!"

Tukarudia. Wakafanya vilevile, kwa utulivu mkubwa zaidi. Mara ya tatu nikapiga mguu chini.

Mama Noela, ambaye alijichagulia nafasi ya benchi la mwisho, kipande kilicho jirani kabisa na nyumba yake, akasimama kunitetea mbele ya watu, yaani kunizamisha. "Mumusamehe Profesa, alikaa mingi kule Mbarara." Kisha kwangu: "Papa, mutoto hawezi kusema mbele ya mukubwa wake. Ata mu hesabu."

Kanisa zima likaitikia "Eee!" Mchungaji pia. Nikakaa kwenye ngazi ya madhabahu, nimenuna, nikiwaza kwamba kaya thelathini na moja zinakwenda kuhamishwa kwa sababu ya heshima. Nikawaacha waendelee, maana hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Nilikuwa nimekadiria duru sitini, kazi ya mpaka Ijumaa jioni. Kwenye duru ya ishirini na kitu, Alhamisi kabla ya chakula, kijana aliyekuwa akininakilia namba daftarini akasema, "Profesa, hazitembei tena." Namba zilikuwa zimetulia.

Nikazikagua. Nikazikagua tena. Ndipo jasho likanitoka. Kutumia papo hapo namba mpya ya aliyetangulia, badala ya kusubiri wote kwa pamoja, ni mbinu inayojulikana. Iko kwenye vitabu. Huenda mbio mara mbili ya ile niliyowaamuru. Nilikuwa nimeifundisha miaka kumi, na wiki iliyotangulia niliiandika ubaoni Mbarara kwa chaki ya rangi mbili. Ilipokuja imeketi mbele yangu kwenye benchi na kofia kichwani, sikuitambua. Nilipomsimulia Daktari Kenyangi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe! Hao wazee wakupe digrii upya."

Lakini zilikuwa zimetulia isipokuwa mahali pamoja. Papa Bahati, fundi baiskeli wa benchi la tano, alikuwa akilalamika toka asubuhi. "Huyu wa nyuma yangu ananivuta chini. Kila duru napanda, yeye ananishusha." Wa nyuma yake alikuwa Mama Noela. Nikaenda kusimama kando yake. Jirani zake walionyesha mia na arobaini, tisini, tisini, na sifuri upande wa nje. Kibao chake kiliandikwa arobaini.

Nilikuwa nimewaambia wote siku ya kwanza: kibao hicho cha mwisho kikizidi hamsini, maji yatakuwa yanasukuma kupita uzito wa udongo. Yataanza kutoka na tope, shimo litakua kurudi ndani, na ukuta utaondoka.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "mia tatu na ishirini, gawa kwa nne."

Hakunitazama. "Nimechoka kugawa."

"Ukikosea mara moja si neno, hesabu hii inasamehe, jirani watakurudisha. Lakini ukishikilia arobaini kila duru, wote wanaokuzunguka watakufuata kwenye uongo."

"Miye sishikilie uongo, nashikilia nyumba! Nikiandika themanini, njo nimejifukuza mwenyewe. Kwa mukono yangu. Weye ungeandika?"

Vijana, hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui kama ningeandika. Nikamwambia pia kwamba maji hayasomi vibao, na kwamba nikijua namba ya kweli naweza kutafuta dawa, lakini arobaini haina dawa kwa sababu haiumwi. Papa Bahati akasafisha koo mara tatu. Kisha Mama Noela akafuta kwa kiganja, akaandika themanini, kubwa, ijaze kibao chote. Alilia waziwazi. Wimbo ukaanza benchi la tatu.

Mchana huohuo nikabadilisha hesabu. Nikashusha maji ya bwawa mita moja, yaani mlango wa maji ya ziada ukatwe chini zaidi, nikaweka mtaro wa mawe na changarawe mguuni mwa ukuta uyapokee maji taratibu. Wa ukingoni wakafuta mia nne, wakaandika mia tatu. Watu wote arobaini na wanane walirudi Ijumaa bila kuitwa. Zilipotulia, kibao cha Mama Noela kilisema thelathini. Nikamwomba Papa Bahati amkagulie, maana yeye ndiye aliyekuwa na uchungu naye. Akapiga hesabu mara mbili. "Ni thelathini," akasema. "Tena kamili."

Jumamosi kwenye mkutano mhandisi aliuliza nimetumia kompyuta ya aina gani. Nikamjibu ni ya benchi sita. Mzee mmoja mfugaji kutoka Endiinzi akasimama na fimbo yake. "Prof, umekata maji mita moja. Ng'ombe yangu itakunywa nini? Vibao?" Swali la haki, na nililijibu vibaya. Ni mkuu wa makazi aliyemwahidi birika la kunyweshea upande wa juu, na likajengwa kweli. Kisha mkuu akanigeukia.

"Wewe unasema ukuta utasimama. Kama utaanguka, utakuwa wapi? Mbarara?"

Wote wakanitazama. Sikumbuki kufikiri. "Nitakuwa chini yake," nikasema. "Mvua ikianza nakuja kukaa pale mpaka bwawa lijae."

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda, akaandika. Mke wangu alikuwa safu ya tatu. Nisiandike alivyonitazama.

Mtaro wa mawe tuliujenga sisi wenyewe, kanisa na msikiti pamoja. Mvua ilipoanza nilikwenda kukaa kwa mchungaji, nyumba ya pili kutoka kwa Mama Noela, nikiwa na saa, dumu la lita ishirini na hofu. Nilikuwa nimekokotoa kwamba bwawa likifika mpaka wake, maji ya mtaroni yatajaza dumu kwa dakika tatu na nusu. Yakitoka haraka sana, au yakitoka na tope, tukimbie. Kwa siku sita Mama Noela alinilisha sombe, yaani kisamvu, na maharage yale yale ya kugombaniwa, na kila mlo aliniuliza kama leo ninaonekana mtu anayejua anachofanya. Nilimjibu kwamba hesabu inajua. "Hesabu haikule sombe yangu," akasema.

Asubuhi ya saba bwawa lilikuwa limejaa hadi kwenye mlango wa maji ya ziada. Tulishuka wawili kwenye mtaro, watu wamesimama juu kwenye njia, wengine na watoto mgongoni tayari. Maji yalikuwa yanatiririka kati ya mawe. Nikainama na kuyakinga kwa viganja. Yalikuwa meupe. Niliona mistari ya mkono wangu chini yake, yote. Nikaweka dumu, nikatazama saa. Dakika nne na sekunde chache. Nikaanza kumweleza Mama Noela sababu ya dumu kuchelewa kujaa, kwamba kipimo changu cha udongo kilikuwa na kosa la sehemu fulani, na kwamba kosa la upande huo ndilo zuri, lakini nilipogeuka hakuwapo.

Alikuwa ameingia ndani. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia sufuria zinagonga sakafu moja baada ya nyingine, kisha sahani, kisha kitu kizito kama kinu. Alipotoka alikuwa amebeba shuka kubwa, limekunjamana kwenye pembe nne mahali lilipokuwa limefungwa fundo. Lilikuwa jekundu kwa vumbi. Tangu siku ya mkutano vyombo vyake vyote vilikuwa ndani ya shuka lile, vimefungwa, vinangoja mlangoni, na yeye alikuwa akinipikia kwa chungu kimoja cha kuazima.

Akapiga magoti kwenye mtaro, akalitumbukiza shuka majini, akaanza kulisugua pembe kwa pembe. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale na saa mkononi, viatu vyangu ndani ya maji, machozi yananitoka kama mtoto.

"Profesa, sogea kando," akasema bila kuinua kichwa. "Unanichafulia maji."